Amefaulu Mtihani, Mbona Hajaenda?

Kwenye matanga ya nyanya yetu huko Ahero, kabla chai ya saa nne haijaisha, baba mkubwa alimgeukia binamu yangu aliyekuwa akigawa vikombe. Akamwuliza kwa sauti iliyofika hadi hema la pili: "Mwanangu, si ulipita ule mtihani wa Marekani? Mbona bado uko hapa?"

Watu wakanyamaza. Binamu yangu, ambaye ni muuguzi katika hospitali moja mjini Kisumu, alitabasamu. "Ni foleni, baba," akasema, akaendelea kumimina chai. Mzee akatikisa kichwa. Foleni gani hiyo ya miaka miwili?

Swali hilo nimelisikia Kondele, nimelisikia kwenye steji ya matatu Nakuru, na nimelisikia kanisani Kakamega. Wengine huliuliza kwa huruma. Wengine huliuliza kwa shaka, kana kwamba muuguzi amekula pesa za harambee na sasa anatafuta kisingizio. Kisha kuna uvumi unaozunguka kwenye simu: Uingereza imewafungia Wakenya, Ujerumani inataka watu 250,000, Saudia huchukua yeyote mwenye pasipoti. Ndani ya kila uvumi kuna punje ya ukweli, na punje hiyo ndiyo inayowapoteza watu. Kwa hiyo tufumue fundo hili polepole.

Boda, leseni, tajiri na steji

Watu wakisema "karatasi za kwenda majuu" huwa wanamaanisha vitu vinne tofauti. Kuna cheti, yaani ushahidi kwamba ulisomea uuguzi ukamaliza. Kuna leseni, yaani ruhusa ya kumhudumia mgonjwa. Hapa Kenya hutolewa na Baraza la Wauguzi, na kila nchi nyingine ina baraza lake. Kuna kazi, yaani mwajiri aliyetia sahihi kwamba anakutaka. Na kuna viza, yaani ruhusa ya serikali ya huko kuingia na kuishi kwao.

Mfikirie kijana wa bodaboda anayetoka Nakuru kuhamia Kisumu. Kujua kuendesha ni jambo moja. Leseni ni la pili. Tajiri wa kumkabidhi pikipiki ni la tatu. Na hata akiwa na hayo yote, akiegesha Kondele bila wenye steji kumkubali, atatimuliwa kabla hajabeba abiria wa kwanza. Wenye steji hawana habari na cheti chake cha shule ya udereva, na tajiri hawezi kuwaamuru wenye steji. Kila mmoja anaamua lake kwa wakati wake.

Muuguzi ana shida moja zaidi ambayo kijana wa boda hana: leseni yake haivuki mpaka. Miaka kumi ya wodini Nakuru haimpi ruhusa ya kumchoma mtu sindano London. Lazima aombe leseni upya, na mitihani tunayoisikia kila siku, kama NCLEX ya Marekani, ni ya hatua hiyo. Marekani kwenyewe hakuna hata leseni moja ya nchi nzima. Kila jimbo lina bodi yake, na muuguzi huchagua jimbo la kuombea, hata kama amewahi kuliona kwenye ramani tu.

Basi binamu yangu alipofaulu NCLEX, alipata kitu kimoja kati ya vinne. Tuliosherehekea kama ametua ni sisi.

Karatasi usizoruhusiwa kuzishika

Kabla hata ya mtihani kuna uhakiki. Hapa ndipo wengi hukata tamaa mapema, tena kimyakimya, kwa sababu hakuna cha kusimulia. Hakuna aliyefeli, hakuna aliyetapeliwa, ila bahasha haijafika.

Kanuni yake ni rahisi. Nchi inayokupokea haitaki kuletewa vyeti na mkono wako. Inataka chuo chako kitume matokeo moja kwa moja, na Baraza la Wauguzi lithibitishe moja kwa moja kwamba umesajiliwa na huna kesi ya utovu wa maadili. Ni kama wazee wanaopeleleza kabla ya posa. Hawamwulizi kijana kama ana tabia nzuri. Wanakwenda kwa majirani zake. Kwa wanaoelekea Marekani, shirika lililozoeleka kwa kazi hiyo ni CGFNS, ambalo tangu 2025 linatumia jina la TruMerit. Kwa wanaoelekea Ghuba, jina utakalolisikia ni DataFlow. Yote mawili hufanya kazi ileile ya kwenda kwa majirani.

Sasa fikiria muuguzi aliyemaliza chuo miaka ya tisini. Faili yake iko kwenye kabati la chuma nyuma ya ofisi ya masjala, na aliyekuwa akijua mpangilio wa kabati hilo alistaafu zamani. Tena wanaohakiki hawatosheki na alama. Wanataka saa: ulisoma nadharia saa ngapi, ukafanya mazoezi wodini saa ngapi, kwa watu wazima, kwa upasuaji, kwa uzazi, kwa watoto na kwa wagonjwa wa akili. Kama karatasi ya chuo ina alama tupu, mtu atarudi kuomba mtaala wa mwaka ule aliosoma.

Halafu kuna majina. Nilimwona binamu yangu akipanga vyeti vyake juu ya kitanda, kimoja kando ya kingine, akivipitisha kidole kama anayesoma joto la mgonjwa. Cheti cha kuzaliwa kinasema Achieng' na kile kialama kidogo cha mwisho. Cheti cha kidato cha nne kimekiacha. Pasipoti haina. Cheti cha chuo kimeanza na jina la ukoo. Leseni imeongeza jina la mume. Kwetu sote huyu ni mtu mmoja, na hata kialama kikianguka tunajua ni nani. Kwa karani aliye kilomita elfu kumi na mbili kutoka hapa, hao ni wanawake kadhaa. Dawa yake ni kwenda kwa wakili kula kiapo, na pengine kubadilisha jina rasmi hadi litangazwe katika Gazeti Rasmi la Serikali. Kila hatua ina ada yake na wiki zake. Ushauri wangu kwa mwanafunzi wa uuguzi anayesoma haya ni kwamba asawazishe majina leo, kabla hajajua kama atataka kwenda popote.

Kuna jambo la daraja pia. Muuguzi wa cheti, yule aliyesoma kozi fupi, na muuguzi wa diploma au digrii si kitu kimoja mbele ya mabaraza ya nje. NCLEX-RN inataka aliyesomea kiwango cha muuguzi aliyesajiliwa. Wa cheti hulazimika kwanza kujiendeleza hadi diploma hapa nyumbani. Si dharau, ndivyo sheria zao zilivyo.

Kiingereza cha wodini na Kiingereza cha mtihani

Mwaka 2021, Waziri wa Afya wa wakati huo, Mutahi Kagwe, alisema kwamba kati ya wauguzi 300 waliofanya mtihani wa Kiingereza ili waende Uingereza, 10 tu ndio waliofaulu. Nchi nzima ilicheka. Watu tuliosoma hesabu, jiografia na hata dini kwa Kiingereza tukauliza, hawa walisoma wapi?

Nadhani kicheko kile hakikuwa cha haki, na sababu yake iko wodini.

Tazama muuguzi anavyoandika kazini. Mwisho wa zamu huandika kwenye kadeksi ya mgonjwa: vifupisho, nambari, mkato, mstari unaofuata. Shinikizo la damu kadhaa juu ya kadhaa. Amekunywa uji. Hajalalamika. Ameona daktari. Hiyo ndiyo lugha yake ya maandishi kwa miaka kumi, na ni lugha nzuri, maana saa tisa usiku hakuna mwenye nafasi ya kusoma insha. Kisha mtihani wa IELTS unamkalisha dakika 60 na kumtaka aeleze mchoro wa takwimu kwa maneno yasiyopungua 150, halafu aandike insha ya maneno yasiyopungua 250 kuhusu, tuseme, kama magari yapigwe marufuku katikati ya miji. Anayesahihisha hatazami ukweli wa jibu tu. Anatazama jinsi hoja moja inavyoishika mkono nyingine, upana wa msamiati, na sarufi. Muuguzi aliyezoea kuandika kwa mkato anajikuta kama mkimbiaji wa mita mia aliyeingizwa kwenye mbio za nyika. Miguu anayo, ila hakuifanyia mazoezi mbio hizo.

Baraza la wauguzi la Uingereza, NMC, hudai alama 7 katika kusoma, kusikiliza na kuzungumza, na 6.5 katika kuandika. Wapo wanaopata 8 kwenye kuzungumza na 6 kwenye kuandika, mara tatu mfululizo, na kila mara wanalipa upya. Tangu Februari 2023 baraza hilo limelegeza kidogo: unaweza kuunganisha matokeo ya mitihani miwili iliyofanywa ndani ya miezi 12, mradi hujashuka sana popote. Wengi hawalijui hilo na hutupa matokeo ambayo yangewafaa.

Tena kuna mtihani mwingine, OET, uliotungwa kwa ajili ya watu wa afya. Humo kuandika ni barua ya kumkabidhi mgonjwa kwa mhudumu mwingine, si insha ya magari. Si rahisi, wala ada yake si ndogo, lakini muuguzi aliyetoka zamu ya usiku anajua angalau anazungumzia nini.

Hospitali isiyoishiwa na glavu

Sasa mtihani wenyewe. NCLEX hufanywa kwenye kompyuta, na haina idadi moja ya maswali kwa kila mtu. Ikumbuke michezo ya shule, kuruka juu. Ukivuka kamba, inapandishwa. Ukiigusa, inashushwa. Kompyuta hufanya vivyo hivyo: ukijibu sawa, swali lifuatalo ni gumu zaidi. Inaendelea hadi iwe na uhakika wa asilimia 95 kwamba uwezo wako uko juu au chini ya mstari wa kufaulu. Chini kabisa ni maswali 85, juu kabisa ni 150, na muda ni saa tano.

Ndiyo maana ile hadithi ya "akifungiwa na 85 amefaulu" si kweli. Kompyuta inaweza kusimama kwenye 85 kwa sababu imeridhika nawe, au kwa sababu imekukatia tamaa.

Ugumu wa kweli, binamu yangu anasema, haukuwa dawa wala magonjwa. Ulikuwa hospitali yenyewe, hospitali iliyo ndani ya mtihani. Huko muuguzi ana wagonjwa wanne au watano. Ana msaidizi wa kumgawia kazi. Oksijeni iko ukutani, glavu haziishi, daktari anapokea simu. Swali linauliza: kati ya wagonjwa hawa wanne, utamwona nani kwanza? Yeye alikuwa ametoka kwenye wodi aliyoishika peke yake na wagonjwa thelathini, wawili wakilala kitanda kimoja. Kichwani mwake jibu la kwanza lilikuwa siku zote kutafuta njia ya kuzunguka upungufu: umwombe jamaa wa mgonjwa ashike chupa ya maji ya dripu, utume mtu duka la dawa lililo nje ya lango. Majibu hayo hayamo kwenye orodha. Ilimbidi ajifunze kusahau maarifa ambayo yameokoa maisha ya watu Nyanza nzima, angalau kwa saa tano.

Kwa Uingereza njia ni tofauti. Kuna sehemu mbili: CBT, ambayo ni ya kompyuta na unaifanyia hapa nchini, na OSCE, ambayo ni ya vitendo na hufanyiwa huko huko Uingereza baada ya kutua. Mnasikia? Baada ya kutua. Yule jirani tuliyemsindikiza uwanja wa ndege kwa nyimbo alikuwa bado hajawa muuguzi wa Uingereza. Ana wiki 12 za kwanza kazini za kuifanya OSCE yake ya kwanza, na kabla hajafaulu hospitali nyingi humlipa mshahara wa ngazi ya chini. OSCE ina vituo kumi, na kinachowaangusha wetu mara nyingi si ujinga wa kazi. Ni ukimya. Muuguzi wa hapa hufanya mambo kimya kwa haraka: ananawa, anatazama bangili ya mgonjwa, anapima. Mtahini wa OSCE anataka asikie. Jitambulishe, mwulize mgonjwa jina na tarehe ya kuzaliwa, omba ruhusa, sema unachofanya unapokifanya. Usiposema, hukufanya. Rafiki wa binamu yangu alijizoeza chumbani kwake Manyatta akiongea na mto wa kulalia, hadi mwenye nyumba akagonga kuuliza kama kuna mgeni asiyelipa kodi.

Ukifeli mara tatu katika ombi moja, unasubiri miezi sita ndipo uanze ombi jipya. Ada nayo si mchezo: kufikia 2025 CBT ilikuwa pauni 83 na OSCE pauni 794. Hospitali nyingi za umma huko humlipia muuguzi OSCE, lakini soma mkataba uone kama wanalipa ya mara ya kwanza tu.

Nani amefunga, nani amefungua

Hapa ndipo uvumi umekolea.

Kuhusu Uingereza: Julai 2021 Kenya na Uingereza zilitia sahihi makubaliano ya kupeleka wahudumu wa afya. Novemba mwaka huohuo Uingereza ilisitisha uajiri kutoka Kenya, kwa ombi la Kenya yenyewe, ili usipitie pembeni ya makubaliano hayo. Maana yake ni kwamba mawakala na hospitali za huko hawaruhusiwi kuja kuwavua wauguzi hapa nje ya mpango wa serikali mbili. Haikuwa na maana kwamba Mkenya haruhusiwi kuomba. Muuguzi anayeona tangazo la kazi na kumwandikia mwajiri mwenyewe hajavunja kanuni yoyote. Mvuvi amekatazwa kutupa wavu. Samaki hajakatazwa kuogelea.

Kisha, Julai 22, 2025, Uingereza ilifunga viza kwa wahudumu wa matunzo wapya kutoka ng'ambo, wale wanaowatunza wazee kwenye makao na majumbani. Habari zilipofika hapa zikageuka kuwa "wauguzi wamefungiwa". Hapana. Muuguzi aliyesajiliwa na mhudumu wa matunzo ni kazi mbili na kanuni mbili, kama vile mhandisi na fundi wa mjengo wanavyokutana kwenye jengo moja bila kuwa na karatasi moja. Vivyo hivyo, zuio la Machi 2024 la kutokuja na mume au watoto liliwahusu wahudumu wa matunzo.

Kuhusu Ujerumani: makubaliano ya uhamiaji yalitiwa sahihi Berlin Septemba 13, 2024, mbele ya Rais Ruto na Kansela Scholz. Ile idadi ya kazi 250,000 iliyosambaa ilikanushwa na Wizara ya Mambo ya Ndani ya Ujerumani waziwazi. Makubaliano hayana idadi yoyote. Kazi zipo, lakini mlango ni lugha. Ili upewe leseni kamili ya uuguzi kwa kawaida unahitaji Kijerumani cha kiwango cha B2, na kwa walio wengi hiyo ni kazi ya mwaka au zaidi. Anayekwambia utajifunza ukifika anakuuzia tikiti ya kwenda kufagia.

Kuhusu Saudia na Ghuba kwa jumla: mtihani upo, uhakiki upo, na waajiri kwa kawaida wanataka uzoefu wa miaka miwili. Hilo la uzoefu ni kidonda kwetu. Kenya ina wauguzi wengi waliohitimu na hawajaajiriwa, huku wodi zikilia upungufu, kwa sababu kuwahitaji ni jambo moja na kaunti kuwa na bajeti ya mishahara ni jingine. Kijana aliyemaliza chuo akaishia kuuza mitumba Kibuye hana ajira hapa kwa kukosa bajeti, na hana ajira Riyadh kwa kukosa ajira hapa.

Pesa ya kushikilia nafasi

Shemeji yangu alilipa 60,000 kwa wakala mmoja mjini Nakuru, ofisi ya ghorofa ya tatu yenye bendera nyingi mezani. Iliitwa pesa ya kushikilia nafasi. Niliandamana naye siku ya kulipa, na naona aibu kwamba zile bendera zilinitosha. Wiki ya sita mlango ulikuwa na kufuli na simu ilikuwa imezimwa.

Tangu siku hiyo natumia kipimo cha steji. Nauli unampa konda ndani ya gari. Humpi kijana mwenye begi anayekwambia atakushikia kiti cha dirishani. Ada ya mtihani inalipwa kwa wenye mtihani. Ada ya viza inalipwa kwa serikali husika. Ada ya cheti cha tabia njema unailipa kupitia eCitizen, kisha unachukuliwa alama za vidole Huduma Centre. Ila bei ya kazi yenyewe haipo. Nchini Uingereza ni kinyume cha sheria kwa wakala kumtoza mtafuta kazi ada ya kumtafutia kazi. Mawakala waliosajiliwa Kenya wako kwenye orodha ya Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, na waajiri wa Uingereza wanaoruhusiwa kudhamini viza wako kwenye orodha ya serikali yao, ambayo yeyote mwenye simu anaweza kuifungua bure. Dakika tano za kupekua zingetuokolea 60,000.

Wakala halali naye ana jambo la kuangaliwa: kipengele cha kuvunja mkataba. Kwa Marekani hasa, mikataba mingi humfunga muuguzi miaka miwili au mitatu, na akiondoka mapema anadaiwa gharama. Si utapeli, lakini uliza kiasi ni kipi na kama kinapungua kadiri unavyofanya kazi. Mkopo usiopungua hata ukilipa una jina lake.

Foleni ya madebe

Sasa turudi kwa baba mkubwa na swali lake.

Sheria ya Marekani hutoa viza za ukaazi wa kudumu kwa ajili ya kazi takriban 140,000 kwa mwaka, kwa dunia nzima. Kundi ambalo wauguzi wengi huingia, EB-3, hupata karibu 40,000 kati ya hizo, na wanagawana na wahasibu, wahandisi, na wengine wengi. Tena mume na watoto wanahesabiwa humohumo. Familia ya watu watano inamaliza nafasi tano.

Ni kama kinu cha posho chenye dizeli ya kiasi fulani kwa siku. Watu hawasimami foleni. Madebe ndiyo yanayosimama. Unaweka debe lako la mahindi mstarini, unarudi nyumbani kuendelea na kazi, na nafasi yako ni saa uliyoliweka. Kwenye viza, saa hiyo huitwa tarehe ya kipaumbele. Kila mwezi Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani hutoa taarifa, kama mwenye kinu anayesimama mlangoni na kutangaza: leo nasaga madebe yaliyowekwa kabla ya tarehe fulani. Kwa nchi nyingi, Kenya ikiwemo, tarehe hiyo katika miaka ya karibuni imekuwa nyuma ya siku ya leo kwa zaidi ya miaka miwili. Wakati mwingine haisogei mbele bali hurudi nyuma, mwenye kinu anapogundua ameita madebe mengi kuliko dizeli. Mwaka 2024 nafasi za kundi hilo ziliisha kabla mwaka wao wa fedha haujafungwa Septemba 30, na kinu kikazimwa hadi Oktoba.

Na hapa kuna jambo ambalo hata wauguzi wengine hulikosea. Kufaulu NCLEX hakuweki debe. Debe huwekwa na mwajiri, siku anapowasilisha ombi lake serikalini. Binamu yangu alifaulu, akakaa karibu mwaka mzima akitafuta mwajiri na kubishana na mikataba, ndipo debe likawekwa. Baba mkubwa alikuwa anahesabu tangu mtihani. Kinu kilikuwa kinahesabu tangu debe.

Wakati huo wote karatasi nyingine zinapoa. Matokeo ya IELTS hudumu miaka miwili. CBT, miaka miwili. Cheti kinachounganisha uhakiki na Kiingereza kwa ajili ya viza ya Marekani hudumu miaka mitano. Vipimo vya afya kwa kawaida ni miezi sita. Yeyote aliyepika anajua shida hii: samaki, ugali na mboga vinatakiwa vifike mezani vyote vikiwa moto, na kila kimoja kina muda wake jikoni. Wauguzi wengi niliozungumza nao hawakukwama kwa kufeli. Walipika ugali mapema mno. Walikimbilia IELTS kwa sababu kila mtu alisema anza na IELTS, halafu uhakiki ukachukua mwaka na nusu, na wakalazimika kulipa upya.

Anayeanza leo, basi, aanze na visivyooza: majina, nakala za chuo, uthibitisho wa Baraza. Vinavyooza avisogeze karibu na mlango.

Wiki iliyopita nilimpitia binamu yangu mwisho wa zamu ya usiku. Alikuwa kwenye benchi nje ya wodi, viatu amevivua, simu mkononi, akisoma taarifa ya mwezi mpya. Baba mkubwa alipiga tukiwa hapo. Alikuwa ameelezwa habari za kinu, na tangu aelewe haulizi tena mbona hajaenda.

"Mwanangu, debe limesogea?"

"Limesogea wiki tatu, baba."

"Na mbele yako kumebaki mangapi?"

Akahesabu miezi kwa vidole, akafika mkono wa pili, akaacha. "Bado, baba. Wacha nikalale kidogo, leo usiku naingia tena."